Miaka 38, na miguu inakataa kilomita ya 32: ni umri?

"Nina miaka 38 na nimekuwa nikikimbia marathon tangu 2012. Muda wangu bora ni 2:08:40, niliupata 2018. Mwaka juzi nilikimbia 2:10, mwaka jana 2:11 mara mbili. Mwaka huu mambo yameharibika. Mbio za kwanza niliachia kilomita ya 32. Za pili nilipita nusu kwa 1:04:10 nikamaliza 2:14:05, miguu mizito kama magogo. Kocha anataka nitoke kilomita 170 kwa wiki nifike 200. Mwenzangu wa kambini anasema kuna sindano na dripu ya kuongeza damu inayorudisha nguvu. Mke wangu anasema nitundike viatu tushughulikie shamba. Lakini Kipchoge alivunja rekodi ya dunia akiwa na miaka 37. Mbona mimi nishindwe? Ni umri, au kuna kitu kingine?"

Ndugu yangu, swali lako ni moja lakini limebeba matatu: nini kimekupata, ufanye nini, na je, uendelee? Ukijibu la tatu kabla ya la kwanza, unaweza kustaafu kwa sababu ya ugonjwa unaotibika kwa miezi mitatu, au ukarundika mazoezi juu ya kitu ambacho mazoezi hayakirudishi. Twende kwa zamu.

Kipchoge kwanza, kwa sababu kila mkimbiaji aliyepita miaka 35 humshika kama ngao. Ni kweli, Berlin Septemba 2022 alikimbia 2:01:09, zikiwa zimebaki wiki sita atimize miaka 38. Ila usiishie hapo. Aprili 2023 alikuwa wa sita Boston kwa 2:09:23. Septemba akashinda tena Berlin, 2:02:42. Machi 2024 akawa wa kumi Tokyo, 2:06:50. Agosti, kwenye Olimpiki ya Paris, akasimama karibu na kilomita ya 30. Mwaka 2025 alikuwa wa sita London kwa 2:05:25, wa tisa Sydney kwa 2:08:31, na wa 17 New York kwa 2:14:36. Sydney na New York zina vilima, kwa hiyo usizilinganishe na Berlin sekunde kwa sekunde, lakini mwelekeo unaonekana. Na huyo si mtu aliyezembea. Kambi ni ile ile ya Kaptagat, kocha ni yule yule Patrick Sang. Kipchoge ni ushahidi kwamba umri unaweza kucheleweshwa. Si ushahidi kwamba unaweza kukataliwa.

Tazama pia kwamba ile 2:05:25 ya London iko nyuma kwa sekunde kumi tu ya muda uliompa Martin Lel ushindi London 2008. Nusu ya kile tunachokiita kushuka kwa mabingwa ni wengine kupanda.

Mfano ulio karibu zaidi na hesabu yako ni Kenenisa Bekele wa Ethiopia. Berlin 2019, akiwa na miaka 37, alikimbia 2:01:41. London 2024, akiwa na 41, alikimbia 2:04:15. Dakika mbili na nusu zimeondoka kwa miaka minne na nusu, sawa na sekunde 34 kwa mwaka. Mkenya Edna Kiplagat alikuwa wa tatu Boston 2024 akiwa na miaka 44. Shika hiyo namba ya sekunde kwa mwaka, tutairudia.

Umri unafanya nini hasa mwilini? Jambo la kwanza liko moyoni. Kiwango cha juu kabisa cha mapigo hushuka takriban mapigo 7 kila miaka kumi, ufanye mazoezi usifanye, kwa sababu moyo huitikia adrenalini kwa unyonge zaidi na kile kituo kidogo kinachoanzisha kila pigo hubadilika. Hesabu ya 220 ukitoa umri, ile inayobandikwa ukutani kwenye jimu, ni ya kukisia tu. Iliyo karibu zaidi ni 208 ukitoa asilimia 70 ya umri, ambayo kwako inatoa 181 hivi, na hata hiyo yaweza kukosea kwa mapigo kumi juu au chini. Mapigo yakipungua, damu inayosukumwa kwa dakika inapungua, na oksijeni inayofika miguuni inapungua. Asiyefanya mazoezi hupoteza karibu asilimia 10 ya uwezo huo kwa muongo. Anayeendelea na mazoezi makali hupoteza karibu nusu ya hapo.

Jambo la pili ni misuli na kano. Neva zinazoamuru nyuzi za misuli zenye kasi hupungua polepole, na kwa mkimbiaji hili huonekana mapema kwenye vigimbi. Mguu hausukumi ardhi kama zamani, hatua inafupika kidogo, na ili ushike mwendo ule ule inabidi uongeze idadi ya hatua. Kwenye kilomita ya 5 huwezi kulihisi. Kilomita ya 30, misuli ikishapasuka-pasuka kwa ndani, ndipo deni linapodaiwa.

La tatu ni kupona, nalo ndilo linalodharauliwa zaidi. Misuli ya mtu wa miaka 38 huitikia chakula na mazoezi kwa uvivu kuliko ya mtu wa 25. Kazi ngumu ya Jumanne iliyokuwa imeisha mwilini Alhamisi sasa inaisha Ijumaa. Wewe hujui, kwa sababu Alhamisi unaweza kukimbia fatileki, yaani mbio za kupandisha na kushusha kasi, vizuri tu. Unaikimbia juu ya uchovu wa Jumanne, na uchovu huo unajikusanya wiki baada ya wiki hadi siku ya mashindano.

Kuna vitu havipotei upesi. Gharama ya mwendo, yaani oksijeni unayoitumia kukimbia kilomita moja kwa kasi fulani, haibadiliki sana kwa mkimbiaji aliyezoea. Hata sehemu ya uwezo wako unayoweza kuibeba kwa saa mbili hudumu vizuri. Ndiyo maana mteremko wa umri ni mpole.

Sasa chukua kalamu. Kwa mtu wa kiwango chako, nusu asilimia kwa mwaka ni kama sekunde 40 za marathon. Mwaka juzi 2:10, mwaka jana 2:11: huo ni mwandiko wa umri. Mwaka huu ungetarajiwa 2:11 na ushee, au 2:12 siku ikiwa mbaya. Ukapata 2:14:05. Dakika mbili za ziada ndani ya miezi kumi na miwili si tabia ya umri. Umri hukushusha kama barabara ndefu ya mteremko mdogo. Ukiporomoka kama anayetoka Iten, ule mji wa wakimbiaji ulio juu milimani, kuelekea bonde la Kerio, tafuta sababu nyingine.

Onyo moja juu ya hesabu hiyo ni viatu. Ikiwa 2018 ulikimbia na soli nyembamba, na leo una vile vya povu nene na bamba la kaboni, basi viatu vimekuficha. Maabara vilipunguza gharama ya mwendo kwa wastani wa asilimia 4. Faida kwenye muda ni ndogo kuliko hiyo na hutofautiana sana kati ya mkimbiaji na mkimbiaji, lakini ipo. Huenda mwili wako umeshuka kidogo zaidi kuliko saa inavyosema.

Sababu nyingine ya kwanza iko kwenye barua yako mwenyewe: 1:04:10. Hiyo ni nusu ya mtu wa 2:08:20. Ulipita nusu kwa kasi ya 2018, ukiwa na mwili wa 2:11, kisha nusu ya pili ikakugharimu 1:09:55. Ungepita kwa 1:05:40, ningetarajia umalize 2:11 na kitu. Tofauti ni kama sekunde nne kwa kilomita, na utaniambia sekunde nne ni nini? Ni tofauti kati ya kukimbia chini ya kizingiti chako, yaani kasi ya juu kabisa ambayo mwili unaweza kuibeba kwa muda mrefu, na kukimbia juu yake. Juu ya kizingiti mwili unaacha mafuta na kula wanga uliohifadhiwa, nao si mwingi: gramu 500 hivi, misuli na ini pamoja. Ukiumaliza mapema, kilomita ya 32 miguu inakataa hata kama pumzi bado ipo. Wakimbiaji wakubwa wanaoshuka hufanya kosa hili kuliko jingine lolote, kwa sababu kundi la mbele ndilo kundi walilolizoea na wawekaji kasi hawasubiri mtu. Kama mbio zako zina meza ya chupa binafsi kila kilomita 5, hakikisha pia unapata gramu 60 hadi 90 za wanga kwa saa. Sitini ni kama vijiko vitano vya mezani vya sukari. Kionjo kimoja cha kinywaji na kutupa chupa hakifikishi hapo.

Lakini kasi mbaya haielezi kila kitu, hasa pale ulipoachia kabisa. Kwa hiyo fanya kipimo hiki kabla ya kumwendea mtu yeyote. Chagua njia moja ya murram, kilomita 10, tambarare kadiri utakavyopata. Nenda saa kumi na mbili asubuhi, siku inayofuata mapumziko. Kimbia peke yako kwa dakika 4:00 kila kilomita, si zaidi, hata kundi likikupita. Vaa mkanda wa mapigo wa kifuani, kwa kuwa saa ya mkononi hudanganya mkono ukiwa baridi. Andika wastani wa mapigo ya kilomita mbili za mwisho. Rudia kila wiki mbili, mara nne. Kama una kumbukumbu za mwaka jana za mwendo huo huo, ni dhahabu.

Mapigo yakiwa yamepanda 8 au 10 kwa mwendo ule ule ukilinganisha na mwaka jana, fikiria damu, maambukizi yaliyojificha au tezi ya shingo. Mapigo yakiwa ya kawaida lakini vigimbi na mapaja vinakufa mapema kwenye mbio ndefu, tatizo liko kwenye misuli. Na mapigo yakiwa chini kuliko kawaida, hayapandi hata ukijaribu kukimbia kwa kasi, usingizi umevurugika na umekuwa mkali kwa watoto bila sababu, hiyo ni sura ya mtu aliyezidisha mazoezi. Huyo ukimpa kilomita 200 unamzika.

Vipimo vya damu ni vichache na si vya kuogopesha: picha kamili ya damu, feritini pamoja na CRP (kipimo kinachoonyesha kama mwili unapambana na uvimbe au maambukizi), tezi ya shingo, na kwa mtu wa Bonde la Ufa anayekunywa maziwa yasiyochemshwa, kipimo cha brusela, ugonjwa wa homa unaotoka kwa mifugo. Kama umeshuka nchi ya joto karibuni, ongeza malaria. Feritini ni akiba ya chuma mwilini. Chini ya 30 kwa mkimbiaji ni akiba iliyokwisha, hata kama himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, bado inaonekana nzuri. Pima ukiwa mzima na baada ya siku ya mapumziko, kwa sababu mafua au mazoezi makali ya jana huipandisha kwa uongo, na CRP ndiyo inayofichua uongo huo. Kuna mtego mwingine ambao hata wahudumu wengine hupitiwa nao. Ukiishi mita 2,400 juu ya bahari, himoglobini yako inatakiwa iwe juu kuliko ya mtu wa Mombasa kwa gramu 1 hivi kwa desilita au zaidi. Karatasi ikisema 13.3 na pembeni imeandikwa "kawaida", kwa mkimbiaji wa Iten hiyo si kawaida.

Chuma kikiwa chini, anza na chakula na vidonge alivyoandika daktari, na uhamishe chai. Chai ya maziwa pamoja na mlo huzuia chuma cha maharagwe na mboga kuingia mwilini. Kunywa saa moja na nusu baadaye. Inachukua wiki nane hadi kumi na mbili kuona tofauti miguuni, usikate tamaa wiki ya tatu.

Ile sindano na dripu sasa. Chuma chenyewe hakijapigwa marufuku, lakini dripu ya zaidi ya mililita 100 ndani ya saa 12 imekatazwa na kanuni za WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa haramu michezoni, isipokuwa ukiwa kwenye matibabu halali ya hospitali au una kibali maalum cha matibabu. Dripu ya kawaida ya duka la dawa inavuka kiwango hicho. Na mtu anayekuuzia "ya kuongeza damu" bila karatasi ya maabara huenda hauzi chuma. Ikiwa ni EPO, homoni inayoongeza chembe nyekundu za damu, au testosteroni, ADAK, wakala wa Kenya wa kupambana na dawa hizo, hawatakuuliza nani alikudunga. Kilichomo mwilini mwako ni chako. Sindano za kotisoni za goti au kisigino haziruhusiwi kipindi cha mashindano tangu 2022, na tramadoli, dawa kali ya maumivu, tangu 2024. Vitu hivi huwanasa wakimbiaji wa umri wako kuliko vijana, kwa sababu ninyi ndio mnaoumwa.

Kocha wako anataka kilomita 200. Namwelewa, kwa mtu wa miaka 26 anayekwama kilomita ya 30 lingekuwa wazo la kujaribu. Kwako naona ni kumwagia petroli. Shida yako, ninavyokisia, ni kwamba kazi ngumu tatu zimebanwa ndani ya siku saba. Vuta wiki iwe ya siku tisa: siku ya kwanza uwanjani, ya nne fatileki, ya saba mbio ndefu, na katikati mbio laini kweli kweli. Kama bado unakimbia mara tatu kwa siku, saa kumi na mbili, saa nne na saa kumi, futa ile ya saa nne ulale. Utaangukia kilomita 140 au 150 kwa siku saba, na inatosha. Usiguse ukali. Kasi ndiyo inayolinda uwezo wa moyo, na wazee wanaogeuza kila kitu kuwa mbio za polepole hushuka upesi zaidi. Kama ulikuwa unafanya 15 za mita 1,000, fanya 10 kwa kasi ile ile, ukipumzika sekunde 90. Mara moja kila siku tisa, baada ya mbio laini, panda kilima kifupi kwa nguvu, mita 80, mara nane, ukirudi kwa kutembea.

Vigimbi vinahitaji uzito mara mbili katika mzunguko huo. Simama kwenye ngazi kwa mguu mmoja, goti limekunjwa kidogo, begi mgongoni lenye pakiti sita za unga za kilo 2. Panda kwa sekunde mbili, shuka kwa sekunde tatu, mara nane, seti tatu kila mguu. Likiwa rahisi, ongeza pakiti. Wiki mbili za mwanzo kano ya kisigino italalamika kidogo asubuhi. Maumivu yakizidi siku hadi siku au kano ikivimba, punguza uzito, usiache.

Chakula nacho kina hesabu. Kama una kilo 58 hivi, unahitaji gramu 25 hivi za protini kila mlo, mara nne kwa siku, moja ikiwa ndani ya saa moja baada ya mazoezi. Mayai mawili na glasi mbili za maziwa zinafika. Ugali na sukuma peke yake, hata ukishiba, haufiki.

Sasa swali la mkeo, ambalo ni la haki. Mpango wa kweli ni huu: miezi mitatu ya kupima na kurekebisha, kisha marathon mbili ndani ya mwaka, zikianzwa kwa 1:05:40 na si sekunde moja chini. Ukipata 2:11, una njia ya kuishi. Baada ya miaka miwili unaingia kundi la 40, na Boston, kwa mfano, ina zawadi za pekee kwa kundi hilo. Ukishindwa kushuka chini ya 2:13 damu ikiwa safi na kasi ikiwa sahihi, naona marathon kamili imekuaga. Haimaanishi kazi imekwisha. Mtu anayeshika 3:05 kwa kilomita bila kuyumba hadi kilomita ya 25 ndiye hasa anayetafutwa kuweka kasi, na wewe kwa umbali huo bado uko imara. Kosa lingine la kuepuka ni kupumzika mwaka mzima "ili mwili urudi". Wiki tatu au nne za kukaa bure zinatosha kupunguza damu na uwezo wa moyo kwa kiasi cha kuonekana, na kwa miaka 38 kurudisha ni kazi ya miezi. Wiki mbili zinatosha, baiskeli na kutembea vikiendelea. Na siku ukistaafu, punguza kwa miezi, pamoja na kiasi cha ugali. Ukiona usingizi umepotea na huna hamu ya kutoka nyumbani, zungumza na mshauri mapema.

Kuna mambo ambayo hayasubiri mpango wowote. Kifua kubana ukikimbia, kuzimia au kutaka kuzimia katikati ya mwendo, mapigo yanayorukaruka yasiyo na mpangilio, vyote ni vya daktari wa moyo wiki hiyo hiyo, kwa kipimo cha umeme wa moyo na picha ya moyo, maana miaka mingi ya mbio ndefu huongeza uwezekano wa moyo kupiga ovyo. Homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito bila kutaka au kinyesi cheusi ni vya hospitali. Mfupa unaouma sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa kidole, na unaouma hata usiku, haukimbiwi juu yake mpaka upigwe picha, na eksirei ya mwanzo mara nyingi haioni ufa, kwa hiyo uliza MRI. Kigimbi kimoja kuvimba na kuwa cha moto baada ya safari ndefu ya ndege ni dharura siku hiyo hiyo. Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi pale Eldoret ina wataalamu wa haya yote. Ukienda, beba daftari lako la mazoezi la miezi sita, namba za kile kipimo cha murram, na majina ya kila kidonge na kila unga unaotumia, hata ule wa mitishamba uliopewa kambini.